Siku sita Dodoma na kijiko cha unga wa kobalti

Nimesharudi Dar, nimefua, nimelala. Haya nimeyaokoteza kwenye daftari (ukurasa wa Alhamisi una doa la mlenda) na kwenye picha za simu, ambazo nyingi ni za skrini ya kompyuta zilizopigwa upande upande. Nawaandikia hasa wanafunzi wenzangu wa fizikia mnaopanga kubeba sampuli kwenda kupimia mkoani. Wengine karibuni, mtapata bei za bajaji.

Kwanza nilichokifuata. Kuna unga unaitwa oksaidi ya kobalti, rangi yake kama zeituni iliyofifia. Ndani yake kila atomu ya kobalti ni kijisumaku. Unga ukiwa na joto la kupita nyuzi 18 hivi, vijisumaku hivyo vinaelekea ovyo ovyo kama abiria wanaogombea daladala ya Mbagala. Ukipoa chini ya hapo vinajipanga safu kwa safu, safu moja ikielekea huku, inayofuata ikielekea kinyume chake. Kwa kuwa vinafutana, unga haushiki hata pini. Wanaosoma mambo haya wanauita antiferomagneti, na joto la mpaka limepewa jina la Mfaransa Louis Néel, aliyepewa Nobel mwaka 1970.

Vijisumaku vikijipanga, fuwele nayo (yaani mpangilio wa atomu ndani ya unga) inaumia kidogo. Ilikuwa mchemraba kamili, sasa upande mmoja unafupika. Kwenye baridi kali kabisa ufupi huo unafika kama asilimia 1, lakini karibu na nyuzi 18 ni sehemu ndogo tu ya hiyo. Nilitaka kuuona kwa macho yangu, kwa eksirei, bila mtambo wa mamilioni wa kupoozea sampuli. Dar usiku wa Julai ni shida kufika nyuzi 18, na ukipooza kitu kwa barafu kinatokwa jasho kabla hujakipima. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, Julai ni kavu, na usiku watu wanalala na blanketi mbili. Nikapiga hesabu zangu, nikaomba muda kwenye maabara moja ya huko. Sitaitaja, kwa sababu nitasimulia na maudhi yake.

Jumanne, 8 Julai

Miaka miwili nasoma habari za eksirei, na wa kwanza kuupiga eksirei unga wangu alikuwa askari wa stesheni ya treni ya SGR. Begi likapita kwenye mashine, likarudishwa, likapita tena.

"Kaka, huu unga wa nini?"

"Wa maabara, afande. Oksaidi ya kobalti."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ni kama madini."

"Madini. Kibali unacho?"

Hapo nikajua nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Nikatoa barua ya chuo. Akaisoma mpaka chini, akaukagua mhuri zaidi ya alivyokagua maneno, akamwita mwenzake naye aukague. Mwisho akauliza, "Yaani unakwenda Dodoma kukipiga picha kijiko kimoja cha unga?" Nikasema ndiyo. "Haya, safari njema, mwalimu." Nilikuwa sijawa mwalimu wa mtu yeyote, lakini nikapokea.

Kwa mtakaobeba sampuli: chupa iwe na lebo iliyochapwa, barua iwe na mhuri, na neno "madini" msilitamke. Semeni "kemikali ya maabara". Kobalti haifai kuvutwa puani, kwa hiyo chupa iwe na kifuniko cha kukaza na iingie ndani ya chupa nyingine.

Nauli daraja la kawaida ni 31,000. Mpaka Morogoro nilisinzia. Baada ya hapo usilale: mahandaki ya Kilosa, kisha nchi inaanza kukauka mbele ya macho yako, majani yanapungua, mibuyu inatokea mmoja mmoja. Jirani yangu, mama anayerudi Mpwapwa, alinipa karanga na kuniuliza kama nimeoa. Nilipomweleza ninachoenda kufanya alinyamaza kidogo, kisha akaniongeza karanga.

Bajaji kutoka stesheni 7,000 (nikaja kuambiwa ningepatana 5,000). Gesti maeneo ya Majengo, 25,000 kwa usiku, maji ya moto kwa ndoo. Usiku simu ilisema nyuzi 14. Nilifurahi peke yangu kitandani kama mwendawazimu.

Jumatano, 9 Julai

Fundi wa maabara ni mtu mzima kutoka Kongwa, amevaa sweta zito chini ya koti jeupe. Nikamsalimu shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanifundisha kusema "mbukwenyi" kwa Kigogo na kunirekebisha mara tatu. Ndipo akauliza nimeleta nini.

Mashine yao ni ya kawaida: bomba la shaba (ndilo linalotoa eksirei), kilovolti 40, miliampea 40, urefu wa wimbi angstromu 1.5406. Imefungwa ndani ya kabati lenye milango ambayo ukiifungua mionzi inakata yenyewe. Nilivalishwa beji ya kupimia mionzi kabla hata sijaonyeshwa choo kiko wapi. Nilimweleza kwamba nitataka kupitisha mipira ya maji ndani. Akasema, "Mwanangu, tundu la nyaya lipo pale nyuma, lina kona zake, mionzi haitoki. Utapita hapo hapo. Hapa hatutoboi kitu."

Kipimo cha kwanza, cha haraka haraka, kilitoa vilele (pembe ambazo fuwele inarudisha eksirei kwa wingi) mahali pake: digrii 36.5, 42.4, 61.5. Lakini chini ya vilele kulikuwa na kelele nene kama uji. Hii nilipaswa kuijua kabla sijapanda treni. Eksirei za shaba zina nishati inayotosha kuichokoza kobalti, na kobalti ikichokozwa inatoa eksirei zake yenyewe kila upande. Kigunduzi kinazihesabu zote. Wenye chuma kwenye sampuli mtapata balaa hilo hilo, na udongo mwekundu wa Dodoma umejaa chuma, kwa hiyo fundi ameshazoea. Alibana dirisha la nishati la kigunduzi (kiwango cha nishati ambacho kinakihesabu), kelele zikapungua, hazikuisha. Dawa iliyobaki ni kupima polepole. Kama una uwezo wa kuchagua, tafuta mashine yenye bomba la kobalti lenyewe.

Pigo la pili lilikuja jioni. Nje nyuzi 17 na upepo wa kukata masikio, madirisha tumefungua yote, fundi amejifunga kitenge cha mkewe shingoni. Ndani ya kabati: nyuzi 24. Mashine inajipasha moto yenyewe! Baridi yote niliyoifuata kilomita mia tano ilikuwa inaishia kwenye mlango wa kabati.

Alhamisi, 10 Julai

Asubuhi mtambo wa maji unaopooza bomba la eksirei uligoma, kwa hiyo mashine haikuwashwa mpaka saa 11 jioni. Nilikuwa nimelipia siku. Nililalamika, nikaambiwa nijaze fomu, fomu zilikuwa zimeisha.

Lakini siku hiyo ndiyo niliyoikumbuka zaidi. Kishikio cha sampuli nilichotoka nacho Dar, kibati cha alumini na mpira uliogundishwa kwa gundi, kilivuja mara tu nilipokijaribu kwa maji. Fundi akanielekeza kwa fundi friji upande wa pili wa soko la Majengo. Kijana, mdogo kuliko mimi, amekaa katikati ya mafriji yaliyofunguliwa matumbo. Nilimchorea kwenye gazeti: kibamba cha shaba ukubwa wa sarafu mbili, chini yake bomba jembamba la friji limezungushwa mara tatu, maji yaingie huku yatokee kule. Hakuniuliza ni cha nini. Aliuliza, "Kitashika joto kiasi gani?" Nikasema baridi, siyo joto. Akacheka. "Basi hujakosea njia."

Alikata, akakunja, akachomea kwa gesi, akakitumbukiza kwenye ndoo na kupuliza kwa mdomo kutafuta povu. Halikutoka hata moja. Nikatoa pochi. Akachukua 6,000 ya bomba tu. Kazi alikataa kulipwa. Alisema anataka picha siku kikifanya kazi, aiweke kwenye status.

Pampu ndogo ya tangi la samaki nilishainunua Kariakoo kwa 18,000. Barafu inapatikana kwa wauza samaki, kipande cha 1,000 kinatosha masaa manne kwenye ndoo yenye kifuniko.

Mchana ulikuwa bado mrefu, nikapanda gari la njia ya Iringa mpaka Mpunguzi. Fundi wa maabara ndiye aliyesisitiza. Alisema nikitaka kuwaeleza watu eksirei inaonaje fuwele, nikaangalie mizabibu. Kweli. Gari linapita kando ya shamba, unaona fujo la nguzo na waya, halafu ghafla, kwa pembe moja tu, mistari inafunguka na unaona hadi mwisho wa shamba. Sekunde moja inafungika, pembe nyingine inafunguka mistari mingine. Ukijua pembe unaweza kukokotoa nguzo ziko umbali gani, na mtu akisogeza safu kwa kidole kimoja, pembe nayo inasogea. Hesabu yake William Lawrence Bragg aliitoa mwaka 1912 akiwa na miaka 22. Shambani kwenyewe zabibu zilikuwa bado mbichi. Mzee mwenye shamba alinikaribisha ugali wa uwele na mlenda, akanicheka nilivyoushika. Doa la daftari ni la hapo.

Ijumaa, 11 Julai

Kishikio kikaingia, mipira ikapita kwenye tundu lenye kona, unga ukasambazwa juu ya kibamba na kusawazishwa kwa kioo. Usawa huu msiuchezee: unga ukiwa juu au chini kwa nywele moja vilele vyote vinahama, na utadhani fuwele imebadilika. Mimi nilichanganya na unga kidogo wa silikoni, ambayo vilele vyake vinajulikana vilipo, ili nipate wa kumsingizia vilele vikihama.

Nikafunika kwa karatasi nyembamba ya plastiki na kuzungushia vile vifuko vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, umande usikae. Msivitupe. Dada wa mapokezi alinipa vinne kutoka kwenye droo yake, vilikuwa vya viatu vya harusi.

Mpango: kuangalia kilele kinachoitwa 400, cha safu zilizo sambamba na nyuso za mchemraba, karibu na digrii 92.7. Mchemraba ukifupika upande mmoja, kilele hicho lazima kipasuke viwili, kidogo kikae upande wa pembe kubwa, nusu ya kimo cha mwenzake. Saa 4 usiku kipimajoto cha waya kilisoma nyuzi 15. Tukaacha mashine itembee polepole.

Saa 9 usiku mstari ulikuwa kwenye skrini. Kilele, na begani mwake, upande wa pembe kubwa, kilele kidogo. Nusu ya kimo. Nilipiga kelele mlinzi akaja na rungu. Nilimtumia picha msimamizi wangu, nikamtumia mama, nikamtumia na fundi friji.

Jumamosi, 12 Julai

Jumamosi Dodoma ni mnada wa Msalato. Nikamwalika fundi wa maabara, nyama juu yangu. Vumbi, ng'ombe, mitumba, moshi wa nyama toka mbali. Mbuzi choma kilo moja na ndizi tulilipa 18,000. Nikamwonyesha ile picha kwenye simu, mikono ina mafuta.

Akaitazama huku anatafuna. Akauliza, "Na wa joto uliupima?"

Nikasema tulishapima Jumatano.

"Ule wa haraka. Kilele cha 92 kilionekana?"

Hakikuonekana. Kilizama kwenye kelele.

"Basi hujui usiku umeona nini. Shaba ina mistari miwili, mwanangu."

Nyama ilinishuka vibaya. Bomba la shaba halitoi wimbi moja, linatoa mawili yanayokaribiana, 1.5406 na 1.5444, na la pili lina nusu ya nguvu ya la kwanza. Kwenye pembe ndogo yanaungana. Kwenye digrii 92 yanaachana kwa karibu digrii 0.3, na la pili linakaa upande wa pembe kubwa, nusu ya kimo. Yaani pacha kamili wa nilichokuwa nakitafuta. Nilishawatangazia watu watatu.

Fundi hakucheka, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Alisema tukimaliza nyama turudi. Jioni hiyo tulipima polepole unga ukiwa nyuzi 25. Bega likawepo, lile lile. Kisha akaonyesha njia ya kuumbua uongo: kilele cha 222, digrii 77.6. Kilele hicho kinatokana na safu zinazokata kona za mchemraba, na mchemraba ukibanwa upande mmoja safu hizo zote zinaathirika sawa, kwa hiyo hakipasuki. Kikinenepa na chenyewe, kosa ni la mashine. Kikikaa kimya huku 400 inabadilika, fuwele ndiyo imebadilika.

Barafu mpya ya 2,000, chumvi kiganja ndani ya ndoo. Nyuzi 8. Safari hii nilimtuma mlinzi akanunue chai ya watu watatu, nisishike simu.

Karibu na alfajiri: 222 ni ile ile, ukiiweka juu ya ya nyuzi 25 huzitofautishi. Ila 400 ilikuwa kitu kingine. Bega lilipanda likakaribia kimo cha kilele chenyewe, na nyuma yake ukatokea mkia ambao haukuwepo. Mstari wa pili wa shaba na upande uliofupika wa fuwele vilikuwa vimeangukia karibu mahali pamoja, vikajumlishana. Tulizima pampu, tukaacha joto lipande hadi 25, tukapima tena. Bega likashuka pale pale lilipokuwa jioni. Nikaandika kwenye daftari: "Imekwenda na kurudi." Mlinzi akauliza kama apige yeye kelele.

Hapa niwakumbushe wasomaji wenye haraka: sikuiona sumaku. Eksirei zinaona elektroni, na sumaku ya atomu inazigusa kwa udhaifu usiosemeka. Wanafizikia De Bergevin na Brunel waliweza kuiona moja kwa moja mwaka 1972 kwenye fuwele ya oksaidi ya nikeli, wakitumia bomba la eksirei na subira ambayo mimi sina. Njia ya kawaida ni nyutroni, kama Shull na Smart walivyofanya kwa oksaidi ya manganisi mwaka 1949. Mimi nimeona tu kitanda kikibonyea, nikajua kuna mtu amelala.

Jumapili, 13 Julai

Nililala hadi saa 6 mchana, nikakimbilia treni. Ubuyu mifuko mitatu, 3,000. Skana ya stesheni haikunisumbua, chupa haikuwemo: nilimwachia fundi unga, kishikio na ndoo, maana aliniomba kwa namna ambayo huwezi kukataa. Fundi friji nilimpelekea picha yake kabla sijaondoka. Aliitazama ile mistari miwili, akauliza ipi ni ya baridi, akaiweka status kama alivyoahidi, chini yake ameandika namba yake na "tunatengeneza AC na friji za aina zote".

Kwa wanaopanga: chukueni siku mbili zaidi ya mnavyodhani, sweta, na pimeni upande wa joto kwanza, polepole, kabla hamjagusa barafu. Mwombeni fundi akae na nyinyi usiku hata kama mnajua kuiendesha mashine. Chakula chake lipeni nyinyi.

Jumanne, 22 Julai

Nimeongeza hii baadaye. Leo asubuhi simu imeingia picha kutoka Dodoma, skrini ya mashine, imepigwa upande upande kama zangu. Ni nyuzi 12, joto ambalo sikuwa na usiku wa kulipima. Bega liko katikati, juu ya la 25, chini ya la 8. Chini yake ameandika: "222 haijatikisika. Barafu ya safari ijayo utanunua wewe."